Tuta la Tukuyu halifai Dodoma: chimba chini, usiinue

Swali: "Shikamoo Bibi Shamba. Nimehamia Dodoma kikazi mwaka jana, nakaa Nzuguni na watoto wawili. Kwetu ni Tukuyu, nimekua nikilima bustani na mama. Mwezi wa saba nilitengeneza matuta matatu nyuma ya nyumba, kila moja mita 1 kwa 4, nikapanda mchicha, sukuma wiki na nyanya. Namwagilia ndoo nne kila jioni. Siku ambazo bomba halitoki nanunua maji ya kisima kwa jirani, yana ladha ya chumvichumvi. Sasa mchicha umeungua kingo za majani, nyanya zinadondosha maua, na juu ya udongo kumeota kitu cheupe kama unga. Majirani wananiambia ardhi ya Dodoma haikubali mboga. Ni kweli? Na mama amenipa mche wa mgomba na mbegu za maharage, niviweke wapi?"

Marahaba, mwanangu. Pole sana kwa jasho lako. Nakujibu kwa urefu kwa sababu barua za namna hii napokea nyingi tangu watu walipoanza kuhamia huku kwa wingi, na karibu zote zinatoka kwa watu wanaojua kulima. Wewe huna uvivu wala mkono mbaya. Tatizo ni kwamba umelima kwa ustadi wa Tukuyu mahali ambapo mvua, upepo na maji ni vya namna nyingine kabisa.

Tukuyu inapata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka. Dodoma tunapata kati ya 550 na 600 hivi, tena zote zinaangukia kati ya mwisho wa Novemba au Desemba na Aprili. Kuanzia Mei hadi katikati ya Novemba ni nadra kuona tone. Kwa hiyo mama yako anapoinua tuta, anafanya jambo la busara: anaitoa mizizi kwenye maji mengi ili isioze. Wewe umeinua tuta mwezi wa saba, katikati ya msimu wa upepo. Umeitoa mizizi kwenye maji kidogo yaliyopo, ukaianika.

Hebu tupige hesabu, maana hapa ndipo penye jibu lako. Ndoo nne ni lita 80. Matuta matatu ya mita 1 kwa 4 ni mita 12 za mraba, basi kila mita ya mraba inapata karibu lita 7. Wakati wa jua kali la Septemba na Oktoba, mita moja ya mraba yenye mboga hapa kwetu hupoteza kama lita 5 hadi 7 kwa siku, sehemu ikinywewa na mmea na sehemu ikichukuliwa na jua na upepo. Kwenye karatasi, maji yako yanatosha. Lakini tuta lililoinuka lina mbavu. Kama umeliinua sentimita 25, ukizunguka pande zote nne unapata mita 2.5 za mraba zaidi za udongo uliokaa wazi. Tuta ulilodhani ni la mita 4 za mraba linakauka kama la mita 6 na nusu. Tena sehemu ya maji unayomwaga juu inateremka ubavuni kabla haijazama, inaishia kwenye njia unayokanyaga.

Kesho saa sita mchana nenda kwenye tuta lako, choma kidole chote kwenye ubavu wake. Halafu kwenye njia katikati ya matuta, kwangua udongo wa juu kwa jembe, uchome kidole hapohapo. Nina hakika utakuta unyevu kwenye njia na vumbi kwenye tuta.

Mimi mwenyewe nilifundishwa jambo hili nikiwa tayari nina cheti cha kilimo. Nilipangiwa kijiji kimoja kusini mwa mji, nikitokea nyanda za mvua kama wewe, nikawaonyesha akina mama matuta mazuri yaliyonyooka kwa kamba. Ndani ya wiki tatu yalikuwa makavu. Bibi mmoja wa Kigogo hakusema neno, alinishika mkono akanipeleka korongoni. Ilikuwa Agosti, korongo kavu, mchanga mweupe unaumiza macho. Akapiga magoti, akaanza kuparua mchanga kwa kipande cha kibuyu: kiganja kimoja, viwili, vitatu. Kwenye kina cha kama kiwiko cha mkono mchanga ukabadilika rangi, ukawa kahawia. Akauchukua akaufinya mbele ya uso wangu, ukashikana kama unga wa ugali uliolowana. Mle ndani ya shimo ndimo alimokuwa amepanda mboga zake, kila shina chini kabisa, huku ukingo wa mchanga ukilikinga na upepo. Tangu siku ile sijawahi kumshauri mtu wa Dodoma ainue tuta wakati wa kiangazi.

Kitu unachohitaji kinaitwa tuta mbonyeo, yaani tuta lililozama chini badala ya kuinuka. Vunja hayo matatu, usiyaonee huruma. Anza na moja tu, mita 1 kwa 4, maana bustani ndogo iliyoshiba maji inalisha nyumba kuliko kubwa yenye kiu. Chimba kina cha sentimita 30. Udongo wa juu wenye rangi iliyokolea weka upande mmoja, wa chini weka upande mwingine, usivichanganye. Ukifika chini huenda ukakuta tabaka gumu ambalo jembe linaruka juu yake. Hilo livunje kwa sululu, usiliache, kwa sababu mizizi haipiti pale na maji hayazami. Kisha rudisha udongo wa juu ukiwa umechanganywa na samadi, ndoo moja hadi mbili za lita 20 kwa kila mita ya mraba. Udongo wa chini usiurudishe. Utumie kujengea kingo kuzunguka tuta, ushindilie kwa mguu. Ukimaliza, uso wa kitanda chako uwe chini ya usawa wa uwanja kwa sentimita 10 hadi 15. Maji yote utakayomwaga yatabaki humo.

Kuhusu samadi, hapa tuna bahati, mifugo iko kila upande. Lakini chukua iliyokaa muda mrefu. Izamishe mkono: ikiwa ina joto, au inatoa harufu kali inayopanda puani, bado. Samadi mbichi ya mbuzi inaunguza miche kama maji ya moto. Tena samadi ya zizini ina chumvi yake ya mkojo, kwa hiyo kama umeipata ikiwa kavu kabisa, imwagilie mara mbili tatu ukiacha maji yachuruzike kabla hujaichanganya na udongo. Kwa mtu mwenye maji ya chumvi kama wewe, hatua hiyo usiiruke.

Na majivu ya jikoni? Najua mama yako anayatumia, na kule ni sahihi, mvua nyingi huufanya udongo kuwa na tindikali na majivu huipunguza. Hapa, ukishakuwa unamwagilia maji ya kisima, majivu yanaongeza kile ambacho tayari kimezidi. Acha.

Huo unga mweupe ulioota juu ya udongo ndio chumvi yenyewe. Inakuja na maji ya kisima, maji yanapaa na jua, chumvi inabaki. Ukimwagilia kidogokidogo kila jioni unaijenga safu juu ya safu palepale kwenye mizizi michanga, na majani ya mchicha yanaungua kingo kwa sababu mmea unashindwa kuvuta maji hata yakiwepo. Kwangua huo unga wa juu kabla ya kuvunja tuta, utupe mbali, usiurudishe. Maji ya bomba unayoyapata yaweke kwa ajili ya miche michanga, yale ya kisima yapeleke kwa mimea mikubwa, mwaga shinani na siyo juu ya majani. Kila baada ya wiki mbili au tatu, siku bomba likitoka, loanisha tuta kwelikweli, mara mbili ya kawaida, ili chumvi isukumwe chini ya mizizi. Mvua za Desemba zitakusaidia kazi hiyo bure.

Sasa umwagiliaji wenyewe. Badala ya ndoo nne kila jioni kwa matuta matatu, mpe hili moja ndoo mbili hadi tatu kila baada ya siku moja. Mwaga taratibu, subiri maji yazame, rudia. Unataka unyevu ufike chini mahali ulipovunja lile tabaka, mizizi iyafuate maji huko. Asubuhi na mapema au jioni, vyote sawa, hewa yetu ni kavu na majani hayalali na unyevu kama kwenu.

Halafu funika. Udongo ulio wazi Dodoma ni maji unayoyagawa kwa upepo. Kwa matandazo watu hutafuta majani makavu ambayo kiangazi hayapo, lakini kwenye mashine za kukamua alizeti na za kubangua karanga kuna maganda ambayo mara nyingi wanataka yaondolewe tu. Beba viroba viwili. Tandaza unene wa vidole vitatu, ukiacha nafasi ya kiganja kuzunguka kila shina, maana mchwa wakija kula matandazo makavu hupenda kupanda moja kwa moja kwenye shina. Ukiona njia zao za udongo, zivunje na uloanishe matandazo, hawapendi kusumbuliwa.

Kwa nyanya na bamia nakusihi ujaribu chungu. Nenda sokoni Majengo au popote utakapowakuta akina mama wanaouza vyungu vya udongo, chagua cha lita 5 hivi, kisichopakwa rangi wala kung'arishwa. Kijaze maji usiku, kiache. Asubuhi kipapase kwa nje: kikiwa kimetoa jasho, hicho ndicho. Kifukie hadi shingoni, jaza maji, funika kwa kifuniko au kigae ili mbu wasitage humo. Panda miche minne kukizunguka, umbali wa kiganja kimoja kutoka chunguni. Udongo ukikauka huyavuta maji kupitia vitundu vidogo vya chungu, ukishiba huacha kuvuta. Ukikifukua baada ya msimu utakuta mizizi imekivika wavu mweupe, imeng'ang'ania kama mtoto mgongoni. Unajaza kila baada ya siku mbili au tatu, na unaweza kwenda safari ya mwisho wa juma bila wasiwasi. Kwa maji yenye chumvi vitundu huziba pole pole, kwa hiyo kila mwaka kitoe, kisugue na ukianike.

Upepo wetu unatoka zaidi mashariki na kusini-mashariki, na unakausha kuliko jua. Upande huo weka uzio wa mabua ya mtama au uwele, urefu wa kifua chako. Usijenge ukuta wa matofali kwa ajili hiyo, ukuta mzima huurusha upepo juu na kuushusha nyuma yake kwa kishindo, wakati uzio wenye matundu unaupunguza nguvu. Utazuia pia kuku na mbuzi wa majirani. Juu ya tuta, kuanzia sasa hadi mvua zianze, jenga kichanja chepesi cha mabua yaliyoachana ili jua la saa saba mchana hadi saa kumi lipite nusunusu. Neti ya kivuli ni nzuri kama una fedha, ila mabua yanafanya kazi ileile. Ukitaka kivuli cha kudumu, fikiria mzabibu kwenye chanja. Uko kwenye mji wa zabibu, unazaa mara mbili kwa mwaka ukipogolewa vizuri, na chini yake patapoa kiasi cha kuweka viti vya jioni.

Kuhusu ulichopanda, mchicha ni sahihi, urudie. Sukuma wiki itakupendeza ukiisia Aprili na kuvuna kipindi cha baridi, Mei hadi Agosti. Oktoba inakunjamana na kujaa vidukari. Nyanya miezi hii ya joto ziache. Joto likikaribia nyuzi 32 na kupita, pamoja na upepo mkavu, chavua hukauka kabla haijafanya kazi na ua hudondoka, na zile chache zitakazoshika zitaoza kitako kwa sababu maji yanakuja na kukatika. Tena utitiri mwekundu hupenda vumbi na ukame kama huu. Geuza jani, ukiona kama vumbi la rangi ya kutu linalotembea na utando mwembamba, ndiye huyo. Osha migongo ya majani kwa maji asubuhi siku kadhaa mfululizo kabla hujakimbilia dukani kununua dawa. Nyanya sia kitaluni Machi, hamishia tutani Aprili, utavuna wakati wa baridi na utanishukuru.

Kwa sasa panda mboga za hapa. Mgagani, kunde za majani, bamia, nyanya chungu, matembele pembeni mwa tuta. Kunde nakupendea hasa, unachuma majani kuanzia wiki ya nne, mizizi yake inarutubisha udongo, na ikikaza unapata mbegu za msimu ujao. Na mvua zikianza usipalilie kila kitu kinachoota uwanjani. Utaona mlenda umejitokeza wenyewe. Waulize akina mama majirani wakuonyeshe upi ni upi, kwa sababu ipo aina zaidi ya moja. Wagogo huukausha, wakausaga, wakautunza hadi kiangazi, na ndiyo sababu mtu anayesema ardhi hii haikubali mboga hunitia huzuni. Ukikausha mboga yako, anika kivulini kwenye chekeche lililofunikwa kitambaa, jua kali huondoa vitamini A na rangi inapauka.

Jambo moja kuhusu tuta mbonyeo wakati wa masika: mvua zetu ni chache lakini zikishuka zinashuka kwa hasira. Kata mlango kwenye ukingo, upana wa kiganja, uuzibe kwa udongo siku za kawaida na uufungue siku ya mvua kubwa. Mchicha utavumilia maji kusimama saa kadhaa. Bamia na nyanya chungu zipande juu ya ukingo wenyewe, si katikati. Na Februari usishangae mvua zikikatika wiki mbili au tatu. Ndivyo mwaka wetu ulivyo, tunza matandazo.

Kama nyumba ni yako au mwenye nyumba anaelewa, weka mfereji wa bati na tangi. Paa la mita 60 za mraba, ukitoa maji yanayopotea, linakupa kama lita 48 kwa kila milimita ya mvua. Mvua moja nzuri ya milimita 42 inajaza simtanki la lita 2,000. Mwaka mzima ni zaidi ya lita 26,000, na hayo ni maji yasiyo na chumvi hata chembe. Hata kama huna uwezo wa tangi kubwa, mapipa mawili ya kulelea miche yatabadilisha kitalu chako. Mvua ya kwanza kabisa iache ioshe vumbi la bati kwanza.

Maharage ya mama yanasumbuliwa sana na chumvi, pengine kuliko mboga yoyote uliyoitaja. Usiyatie kwenye maji ya kisima. Yahifadhi mahali pakavu, uchanganye na majivu makavu (hapa majivu yana kazi, yanazuia wadudu). Tuta likishaoshwa na mvua za Desemba na Januari, panda mistari miwili mwanzoni mwa Machi, uyalee kwa maji ya mvua uliyokinga. Sikuahidi gunia, lakini utapata ya kupika na ya kubakiza mbegu.

Mgomba usiupeleke bustanini kabisa, utakunywa maji ya kila mtu. Angalia maji ya bafuni kwako yanatokea wapi. Kama ni upande wa magharibi wa nyumba ni bora zaidi, nyumba itaukinga na upepo. Chimba shimo kubwa, upana wa mita moja na kina cha sentimita 60, jaza nyasi, maganda na samadi hadi nusu, kisha udongo wa juu, uuache mche chini ya usawa wa uwanja kama kwenye tuta. Elekeza maji ya kuogea humo, mgomba hauna tatizo na sabuni ya kuogea. Maji ya kwanza ya kufulia yenye povu zito mwaga kwingine, ya kusuuzia lete. Acha mashina matatu tu, mama, mwana na mjukuu, mengine yote kata yakiwa machanga. Majani yatachanika na upepo, yasikutishe. Shimo lichimbe sasa, lijaze na lianze kuoza, mche uuweke kivulini kwenye kiroba ukiumwagilia, na siku mvua ya pili ikishaloanisha ardhi, uupande.